Kabla ya nusukaputi, sema ukweli wote kuhusu koo lako

Hebu fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Kaa wima, fungua kinywa kadiri uwezavyo, kisha jaribu kuingiza vidole vitatu, kimoja juu ya kingine kama ngazi, kati ya meno ya juu na ya chini. Usione haya hata kama uko kwenye matatu. Jirani yako atadhani unaumwa na jino.

Vimeingia? Safi. Mimi vyangu huingia viwili, na hicho cha pili ni kwa kubembeleza. Mwaka jana nilidanganya kuhusu jambo hili mbele ya mtu ambaye, dakika chache baadaye, angekuwa ameshika pumzi yangu mkononi mwake. Nimeamua kuiandika hii stori kwa sababu najua mko wengi mnaoweza kudanganya vivyo hivyo, tena kwa nia njema kabisa.

Nilikuwa nimetoka Nairobi kwenda kumwona nyanya yangu, dani kwa lugha ya nyumbani, kule Uriri. Kama hupajui, Uriri iko Kaunti ya Migori, kwenye barabara kuu inayotoka Kisii. Ukishapita Rongo, kisha Awendo na miwa yake, umefika. Ukiendelea mbele utaingia Migori mjini, na mwisho wa lami yetu ni mpaka wa Isebania. Nilienda kupumzika wiki moja tu, nile samaki na kunenepa.

Siku ya tatu tumbo likaanza kunisokota karibu na kitovu. Nikasingizia samaki. Kufikia jioni maumivu yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia na sikuweza kusimama wima. Dani alinitazama mara moja tu, akamwita jirani mwenye Probox. Saa mbili usiku nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha hospitali, daktari ananibonyeza tumbo na kuachilia ghafla, nami napiga mayowe kama mtoto. Kidole tumbo. Lazima kitolewe usiku huohuo.

Kabla ya kusukumwa thieta alikuja afisa wa kliniki aliyesomea kazi ya usingizi. Jamaa mpole, tochi ndogo mfukoni, kalamu sikioni. Akaanza maswali. Umekula saa ngapi? Kuna dawa inayokudhuru? Una pumu? Unavuta sigara? Halafu akauliza, "Umewahi kulazwa kwa nusukaputi? Kulikuwa na shida yoyote?"

Hapo ndipo nilipopiga hesabu zangu za kijinga.

Miaka minne nyuma nilikuwa abiria kwenye bodaboda jijini Nairobi, bila kofia ya chuma, tukagongana na mkokoteni. Taya ikavunjika pande mbili. Niliungwa kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilipozinduka, koo lilikuwa kama limepigwa msasa na jino langu la mbele lilikuwa limekatika kona. Muuguzi mmoja akapita akaniambia, huku akitabasamu, "Kijana, ulitutoa jasho! Njia yako ya hewa ni ngumu." Sikuweza kumuuliza ana maana gani, maana taya zilikuwa zimefungwa waya. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani nilipewa karatasi yenye tarehe, neno "taya", dawa za maumivu na siku ya kurudi. Kuhusu koo, hakuna hata neno moja. Mwaka huohuo niliacha chuo, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa fikiria uko mahali pangu. Ni usiku, tumbo linawaka. Ukisema kulikuwa na shida, huenda huyu jamaa akaogopa, akakuandikia rufaa ya Kisii au Kisumu. Ambulansi ni pesa. Barabara ni matuta. Nikaona bora nimrahisishie kazi.

"Hapana daktari. Kila kitu kilikuwa sawa."

Dani alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani. Nilidhani hasikii vizuri.

"Daktari," akasema, "huyu mtoto anakudanganya. Walipomlaza aliamka jino limevunjika. Ni mimi niliyemlisha uji kwa mrija mwezi mzima."

Jamaa akaweka kalamu chini. Akatoa tochi.

Kwani shida iko wapi?

Wengi wetu tunafikiri nusukaputi ni usingizi mzito tu, kwamba unadungwa sindano, unahesabu hadi kumi na kuamka ukiwa umeshonwa. Usingizi wa nyumbani una kitu kimoja ambacho ule wa thieta hauna: nyumbani unaendelea kupumua mwenyewe. Thieta, dawa zikishaingia na hasa zile za kulegeza misuli, ulimi unaanguka nyuma, koo linalegea na kifua kinaacha kupanda na kushuka. Kuanzia sekunde hiyo kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukupumulia.

Atafanyaje? Kwa kawaida hukuwekea barakoa usoni na kukupulizia oksijeni, kisha huingiza kinywani chombo cha chuma chenye taa kiitwacho laringoskopu, anasukuma ulimi kando, anatafuta nyuzi za sauti na kupitisha mrija katikati yake hadi kwenye bomba la hewa. Ule ubao wa chuma uliopinda ambao bado hutumika katika thieta nyingi duniani ulibuniwa na Robert Macintosh mwaka 1943. Nyuma kidogo ya bomba la hewa kuna umio, bomba la chakula. Mrija ukiingia huko na mtu asigundue, hewa inajaza tumbo na mapafu yanakaa bure.

Sasa kuna makoo ambayo hayaonyeshi nyuzi za sauti hata umbembeleze vipi. Kinywa hakifunguki, shingo haikunjuki, taya ni fupi, ulimi ni mkubwa, kuna uvimbe, au kuna kovu. Hiyo ndiyo wataalamu huita njia ngumu ya hewa. Na kuna maswali mawili tofauti hapa. La kwanza, je, mrija utapita? La pili, je, mrija ukikataa, hewa itapita kwa barakoa? La pili ndilo zito zaidi. Mgonjwa hafi kwa kukosa mrija. Hufa kwa kukosa oksijeni, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu bila hiyo.

Anachotafuta akikuangalia usoni

Yule jamaa hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na tochi, vidole na macho. Karibu vipimo vyote alivyonifanyia unaweza kujifanyia mwenyewe mbele ya kioo, ila usijipe shahada.

Kwanza ni vile vidole vitatu ulivyojaribu mwanzo. Kinywa kisichofunguka vizuri hakina nafasi ya chuma, taa na mrija kwa pamoja. Mimi nilianguka hapo hapo. Taya iliyovunjika ilipona, lakini haikurudi kufunguka kama zamani.

Pili, aliniambia nikae wima, nifungue kinywa na kutoa ulimi nje bila kusema "aaa". Anaangalia kama ataona kile kinyama kinachoning'inia nyuma, kimio. Ukionekana wote hadi nyuma ya koo, uko daraja la kwanza. Ikionekana paa gumu la kinywa pekee, uko daraja la nne, na hapo anakunja uso. Kipimo hiki kinaitwa Mallampati, jina la daktari aliyezaliwa India, Seshagiri Mallampati, aliyekichapisha mwaka 1985 akifanya kazi Boston.

Tatu, aliniambia nitazame dari. Shingo isiyokunjuka nyuma humnyima njia iliyonyooka. Nne, akapima kwa vidole kutoka kidevuni hadi kwenye kile kifundo cha koo. Ikiwa ni chini ya sentimita sita na nusu hivi, anajua ulimi hautakuwa na pa kusukumwa.

Tano, akaniambia niuma mdomo wa juu kwa meno ya chini. Hiki hupima kama taya ya chini inaweza kusogea mbele. Hapo dani akacheka, akafungua kinywa chake. Dani ni wa kizazi kile cha Wajaluo waliong'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana. Hana cha kuuma nacho.

"Mimi ningefeli mtihani wako," akamwambia.

Kisha akaeleza, kama wazee wengi wanavyoeleza, kwamba pengo lile lilikuwa na kazi. Ugonjwa wa pepopunda ukija na taya zikajifunga, uji ungepata pa kupita. Nilikuwa nimesikia maelezo hayo tangu utotoni na kuyapuuza. Usiku ule, nikiwa na kinywa cha vidole viwili, niliyasikia upya. Wazee walikuwa wanaandaa njia kabla haijafungwa.

Kuna mambo mengine ambayo jamaa huyu huangalia na ambayo yanatuhusu sisi moja kwa moja. Ndevu nene huzuia barakoa isikamate uso. Nywele zilizosukwa na kufungwa kibumba kikubwa kisogoni hufanya kichwa kisikae sawa mezani. Kipuli cha ulimini kinaweza kung'oka au kuvuja damu. Meno ya bandia yanaweza kuteleza na kuzama kooni. Rangi ya kucha na kucha za kubandika zinaweza kuvuruga kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni yako. Ukikoroma hadi wenzako chumbani wanahama, sema, kwa sababu huenda njia yako hujifunga usingizini hata bila dawa. Kama una rovu shingoni, au kovu la moto limekuvuta kidevu hadi kifuani, usingoje kuulizwa. Na kama una mimba, tambua kwamba njia ya hewa huvimba na oksijeni huisha mwilini haraka zaidi, ndiyo maana wajawazito wengi wanaopasuliwa hudungwa sindano ya mgongo badala ya kulazwa.

Vipimo havitoshi, na wao wanajua

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini uongo wangu ulikuwa wa hatari kuliko nilivyodhani.

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 188,000. Kati ya wale takriban 3,400 ambao kuwawekea mrija kulikuwa kugumu, asilimia 93 hawakuwa wametarajiwa kuwa wagumu. Soma tena. Wataalamu waliwaangalia, wakaona wako sawa, wakawalaza, ndipo shida ikajitokeza. Si kwamba ni wazembe. Koo linaweza kujificha nyuma ya uso wa kawaida kabisa.

Basi kama tochi na vidole vinakosea kiasi hicho, ni dalili gani inayobaki kuwa na uzito? Ni ile ambayo haihitaji kubashiriwa: kwamba jambo hilo limeshawahi kutokea. Mtu ambaye mara iliyopita ilikuwa vigumu kumwekea mrija, chukulia kwamba hata safari hii itakuwa hivyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Ndiyo maana lile swali lipo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, liliweka swali kuhusu njia ngumu ya hewa kabla mgonjwa hajalazwa, pamoja na kama vifaa na msaidizi vipo. Lakini orodha haiwezi kujua kilichotokea Nairobi miaka minne iliyopita. Faili ilibaki Nairobi. Aliyenilaza huenda alishahamia kaunti nyingine. Aliyejua ni mimi, na mimi nilisema "sawa".

Lau si dani, yule jamaa angeingia thieta akiwa na habari potofu niliyompa mwenyewe.

Kujiandaa ni nini hasa

Nilidhani atasema, "Basi nenda Kisii." Hakusema hivyo. Upasuaji ungekuwa wa kusubiri, kwa mfano wa ngiri isiyouma, huenda angenituma mahali penye kamera za koo na wataalamu wengi, na ningepaswa kumshukuru kwa hilo. Lakini kidole tumbo kinachotaka kupasuka hakingoji. Alichofanya ni kubadilisha mpango.

"Nitakudunga sindano ya mgongo," akasema. "Utabaki macho, utapumua mwenyewe, hautasikia maumivu. Lakini nitaandaa kila kitu kana kwamba nakulaza. Sindano ya mgongo ikikataa katikati ya kazi, sitaki nianze kutafuta vifaa wakati huo."

Akampigia simu mwenzake aje. Kwenye trei nikaona laringoskopu mbili, akawasha taa za zote mbili kuhakikisha zinawaka. Mirija ya saizi tatu. Kijiti kirefu cha plastiki kinachopinda, ambacho hupitishwa kwanza pale ambapo nyuzi za sauti hazionekani vizuri, kisha mrija ukatelezeshwa juu yake. Barakoa ya koo, ile inayokaa juu ya mlango wa bomba la hewa bila kuhitaji kuona ndani, iliyobuniwa na daktari Mwingereza Archie Brain miaka ya 1980. Mashine ya kufyonza mate na damu. Akakunja shuka akaziweka chini ya mabega na kichwa changu hadi akaridhika na kimo.

Kisha akafanya jambo lililonitoa jasho jembamba. Akapapasa shingo yangu, akapata kishimo kidogo chini ya kile kifundo, akachora alama kwa kalamu.

"Hiyo ni ya nini?" nikauliza.

"Ni mlango wa dharura. Natumaini sitaugonga. Lakini sitaki kuutafuta gizani."

Yaani kila kitu kikishindwa, hapo ndipo wembe hupita ili hewa iingie moja kwa moja. Manze, nilitamani dani arudi kunishika mkono.

Kabla ya kuanza, akawageukia wenzake na kusema mpango kwa sauti, kila mtu asikie. Mgongo kwanza. Ikikataa, oksijeni safi kwa barakoa angalau dakika tatu kabla ya dawa yoyote ya usingizi, maana mapafu yaliyojaa oksijeni humpa mtu mzima mwenye afya dakika kadhaa za akiba badala ya moja hivi. Kisha mrija kwa kutumia kijiti. Ikikataa, barakoa ya koo. Ikikataa, barakoa ya uso kwa mikono miwili. Ikikataa, pale penye alama. Halafu akamwambia sista wa thieta, "Nikijaribu mrija mara tatu na bado, wewe niambie basi. Usiogope. Niambie basi."

Wakati huo sikuelewa kwa nini aombe kusimamishwa na msaidizi wake. Nilielewa baadaye niliposoma kuhusu Elaine Bromiley. Alikuwa mama wa watoto wawili nchini Uingereza, umri wa miaka 37, mwenye afya. Tarehe 29 Machi 2005 aliingia thieta kwa upasuaji mdogo wa matundu ya pua. Njia yake ya hewa ikakataa barakoa ya koo, kisha ikakataa mrija. Madaktari waliokuwepo walikuwa wazoefu, na vifaa vilikuwepo. Lakini walizama katika kujaribu mrija tena na tena huku oksijeni yake ikiwa chini mno. Muuguzi mmoja alishaleta vifaa vya kufungua shingo. Mwingine alishaomba kitanda cha wagonjwa mahututi. Waliona kinachotendeka, ila hawakupata namna ya kusikika. Elaine alifariki siku 13 baadaye.

Mumewe, Martin, alikuwa rubani. Hakukimbilia kutafuta wa kumfunga jela. Aliuliza swali la rubani: ndege ikipata hitilafu, mbona sisi tunasemezana na kufuata hatua, nao hawakufanya hivyo? Mwaka 2007 akaanzisha kundi linaloshughulikia makosa ya kibinadamu katika matibabu, na kisa cha mkewe hufundishwa kwa wanaosomea usingizi. Kwa hiyo yule sista wetu kuambiwa "niambie basi" si adabu tu. Ni somo lililogharimu maisha ya mtu.

Karatasi yenye wino wa bluu

Sindano ya mgongo ilikubali. Nililala pale macho wazi, nasikia vyuma vinagongana, jamaa ameketi kichwani kwangu akiniuliza habari za Gor Mahia ili nisiwaze. Kidole tumbo kikatoka. Trei ile yote haikuguswa. Nilimwambia asubuhi, kwa utani, kwamba alijisumbua bure.

"Ni bure ulizolala nazo ukiwa hai," akanijibu.

Kisha akachukua karatasi ya kawaida, akaandika kwa wino wa bluu. Tarehe. Kinywa hufunguka vidole viwili, taya iliwahi kuvunjika. Mgonjwa anaripoti kuwa palikuwa na ugumu wa mrija na jino kuvunjika katika upasuaji wa awali. Safari hii sindano ya mgongo ilitosha, njia ya hewa haikujaribiwa. Ushauri kwa atakayefuata: chukulia kuwa ngumu, andaa vifaa, ita msaidizi. Saini na cheo. Akaniambia nipige picha na nimtumie dani pia, "maana yeye ndiye faili yako".

Nilirudi Nairobi na kwenda kuuliza faili yangu ya taya. Nilizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha na mpaka leo sijaipata. Lakini sijaacha, na wewe usiache. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data yako inayoshikiliwa na mtu mwingine. Rekodi ya koo lako ni yako.

Kwingineko wameshalifanyia kazi hili. Marekani, tangu mwaka 1992, shirika la MedicAlert lina sajili ya watu wenye njia ngumu ya hewa, na mtu anaweza kuvaa kikuku kinachomtangaza hata akiwa amezimia. Sisi tuna simu, na karibu kila mmoja wetu anatembea nayo. Kwa hiyo, fanya haya.

Kama umewahi kulazwa kwa nusukaputi, au utalazwa, muulize aliyekulaza kabla hujaondoka hospitalini: je, kulikuwa na shida ya njia ya hewa? Akisema ndiyo, mwombe aandike ni shida gani, kama barakoa ilipitisha hewa, kifaa kipi kilifaulu, na ushauri kwa mwenzake. Ukiamka na jino limevunjika au koo linauma kupita kiasi, uliza kwa nini. Huendi kumshtaki mtu. Unatafuta habari zitakazokuokoa siku nyingine.

Piga picha karatasi hiyo. Mtumie mtu mmoja wa nyumbani ambaye atajibu simu usiku. Kwenye sehemu ya dharura ya simu yako, ile inayofunguka bila nambari ya siri, andika: "Njia ngumu ya hewa." Bodaboda ikikuangusha Rongo au Ruiru na ukawa huwezi kuongea, hayo maneno yataongea.

Ukiulizwa maswali kabla ya thieta, jibu yote. Ulikula saa ngapi ni swali la kweli, kwa sababu chakula kikipanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni kinaweza kukuua. Kwa upasuaji uliopangwa, kawaida ni saa sita bila chakula na saa mbili bila maji, ila fuata utakachoambiwa. Sema kuhusu pombe, bangi, miraa na sigara. Hayuko pale kukuhubiria.

Na mheshimu anayeuliza. Nje ya miji mikubwa hapa Kenya, anayekulaza mara nyingi si daktari bingwa. Ni afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea usingizi, wengine wakifunzwa katika hospitali kama ile ya Kijabe. Huenda yuko peke yake usiku mzima. Dakika zake tano za maswali kando ya kitanda ni sehemu ya upasuaji wako sawa na kisu chenyewe.

Juzi nilimpigia dani. Akaniuliza kama bado ninayo ile karatasi. Nikamwambia iko kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema simu huibwa Nairobi. Yeye yake ameitia kwenye karatasi ya plastiki, akaiweka ndani ya Biblia, ukurasa anaoujua.